Unaenda harusini Charleston? Anza kwa daktari

Siku hizi si ajabu tena familia ya Nairobi, Nakuru au Kisumu kupokea kadi ya harusi kutoka Marekani. Kijana aliyekwenda huko kusoma amepata mchumba, mazungumzo ya mahari yamekwisha, na sasa wazazi, shangazi na wajomba wanatakiwa kufunga safari wakashuhudie ndoa. Matayarisho huanza mara moja. Nguo zinashonwa, nauli inachangwa, tarehe ya viza inasubiriwa. Jambo moja husahauliwa mpaka dakika ya mwisho, nalo ni afya ya msafiri mwenyewe.

Usahaulifu huo una gharama. Wanaoalikwa katika safari hizi mara nyingi ni watu wa makamo na wazee, na wengi wao wana shinikizo la damu, kisukari, pumu au magoti yanayouma. Wataketi ndani ya ndege karibu siku nzima, washuke katika nchi ambayo kulazwa hospitalini usiku mmoja kunaweza kugharimu maelfu ya dola, kisha watarajiwe kusimama juani na suti au kitenge kizito. Makala haya yanaeleza la kufanya hatua kwa hatua. Mfano wetu ni mji mmoja wa kale unaopendwa sana kwa harusi, yaani Charleston katika jimbo la South Carolina.

Mji wenyewe

Charleston ulianzishwa na Waingereza mwaka 1670, kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, penye bahari ya Atlantiki. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 150,000. Mtu wa Mombasa akifika huko hatajihisi mgeni sana, kwani atakuta joto lenye unyevu, upepo wa chumvi, nyumba za kale zenye baraza ndefu na vichochoro vilivyotandikwa mawe. Mtu wa Nairobi, Limuru au Eldoret, aliyezoea hewa baridi ya nyanda za juu, ndiye atakayepata taabu.

Harusi nyingi za mji huo hufanywa kuanzia Machi hadi Mei, au kuanzia Septemba hadi Novemba, na mara nyingi hufanyiwa bustanini. Kila msimu una yake. Machi na Aprili misonobari hutoa chavua nyingi kiasi cha kuyafunika magari kwa unga wa manjano, na mwenye pumu au mafua ya mzio huumia. Juni hadi Agosti ni joto kali. Tangu Juni 1 hadi Novemba 30 ni msimu wa tufani za bahari. Wenyeji hawajasahau tufani iliyoitwa Hugo, iliyoupiga mji huo Septemba 1989. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza bwana harusi ni mwezi gani na mahali gani, halafu ndipo uulize kuhusu rangi ya nguo.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya safari

Nenda ukamwone daktari wako wiki sita hivi kabla ya kuondoka. Usingoje wiki ya mwisho, kwa sababu dawa ya presha ikibadilishwa leo, mwili unahitaji majuma kadhaa ili ijulikane kama inafaa. Apimwe presha na sukari kila aliyepita umri wa miaka 40, hata kama anajiona mzima. Kuna watu wengi ambao presha yao hugunduliwa kwa mara ya kwanza katika dharura, na dharura ya ughaibuni ni ghali.

Wafuatao wasisafiri kabla daktari hajakubali: aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, aliyefanyiwa upasuaji majuzi, mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu na mwenye ugonjwa wa mapafu unaomkosesha pumzi. Mama mjamzito aulize shirika lake la ndege mapema. Mengi hudai barua ya daktari mimba ikipita wiki 28, na hukataa kumbeba baada ya wiki 36.

Kuhusu chanjo, Marekani haimdai msafiri wa kawaida kutoka Kenya cheti cha homa ya manjano, na sharti la chanjo ya Uviko-19 kwa wageni liliondolewa Mei 2023. Lakini kama utapitia nchi nyingine njiani, uliza masharti ya nchi hiyo. Hata pasipo sharti, hakikisha umechanjwa dhidi ya surua na pepopunda. Ikiwa harusi ni ya miezi ya baridi, chanjo ya homa ya mafua inafaa kwa wazee.

Dawa: hapa ndipo wengi hukwama

Beba dawa zako zote katika mkoba wa mkononi. Sanduku likipotea njiani, nguo zitanunuliwa nyingine, lakini dawa ya moyo haitapatikana dukani bila cheti cha daktari wa huko. Weka za kutosha siku zote za safari pamoja na za wiki mbili za ziada, maana tufani moja inaweza kuzifuta ndege kwa siku kadhaa. Hata hivyo usizidishe dawa za siku 90, ambacho ndicho kipimo wanachokubaliwa wageni kwa kawaida.

Ziache dawa ndani ya pakiti zake halisi zenye jina lako. Usizimimine zote ndani ya chupa moja ili kupunguza mzigo. Chukua barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayotaja ugonjwa, jina la kitaalamu la kila dawa na kipimo chake. Insulini na sindano zake zinaruhusiwa ndani ya ndege. Dawa za maji zinazozidi mililita 100 pia huruhusiwa, ila zitaje mapema kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba baadhi ya dawa zina jina jingine Marekani. Parasetamoli, ambayo sisi huiita Panadol, huko huandikwa "acetaminophen". Mtu akinywa Panadol aliyotoka nayo nyumbani, kisha akameza dawa ya mafua ya huko yenye "acetaminophen", atakuwa amekunywa kitu kilekile mara mbili, na kipimo kikizidi huharibu ini. Dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo hapa huitwa "salbutamol", huko ni "albuterol". Dawa ya kisukari iitwayo hapa "glibenclamide" huko ni "glyburide". Yaandike majina yote mawili kwenye karatasi.

Vipimo navyo hutofautiana. Hapa sukari ya damu hupimwa kwa milimoli, huko hupimwa kwa miligramu. Ili kupata hesabu yao, zidisha yako mara 18. Sukari yako ya 7 wao watasoma 126, na mgonjwa asiyejua hilo anaweza kuogopa bure, au akameza dawa asizohitaji. Joto nalo husomwa kwa Farenhaiti: nyuzi 38 za Selsiasi, ambazo ni homa, kwao ni 100.4. Presha husomwa kama kwetu. Umeme wa huko ni volti 120 hivi badala ya 240 za hapa, basi mashine ya kuvutia dawa ya pumu ikaguliwe kabla ya kuipakia.

Onyo jingine ni juu ya vitu vya kutobeba. Miraa ni haramu Marekani na inaweza kukutia gerezani, hata kama ni ya kumfurahisha mjomba. Nyama, maembe, matunda mengine mabichi na mbegu huweza kunyang'anywa, na usipovitaja kwa maafisa wa forodha unaweza kutozwa faini. Dawa za maumivu zenye kodeini ziwe na cheti cha daktari. Nazo antibiotiki usitumaini kuzinunua dukani kwa maneno matupu, kwani huko muuzaji hatakupa bila cheti.

Ndani ya ndege

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua saa zipatazo 15. Kutoka New York hadi Charleston ni kama saa mbili angani, bila kuhesabu muda wa kungoja. Wanaopitia Ulaya, Ghuba au Addis Ababa hukaa njiani zaidi.

Hatari kubwa ya kukaa hivyo ni damu kuganda katika mishipa ya miguu. Miguu isipotembea, damu hupanda polepole kurudi moyoni, na bonge linaweza kujijenga kwenye muundi. Bonge hilo likikatika likasafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo kama mara mbili, ingawa kwa watu wenye afya hutokea kwa mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Walio hatarini zaidi ni wanene, wajawazito, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, wenye saratani na waliowahi kuganda damu.

Kinga yake ni rahisi. Omba kiti cha kando ya njia. Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, usipokuwa umelala. Ukiwa umeketi, inua visigino na vidole vya miguu kwa zamu. Kunywa maji mara kwa mara, kwa sababu hewa ya ndege ni kavu mno, na punguza pombe hata kama ni ya bure. Usimeze kidonge cha usingizi kitakachokulaza saa nane umejikunja. Walio katika hatari wamwulize daktari kuhusu soksi za kubana. Aspirini usijiandikie mwenyewe.

Habari njema kwa wakazi wa Nairobi ni hii: hewa ya ndani ya ndege hupunguzwa nguvu ikawa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800, hivyo mwili wako haushtuki sana. Mwenzako wa Mombasa au Lamu ndiye anayeweza kupata kichwa kizito na miguu kuvimba.

Muundi mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto baada ya safari, hata wiki mbili baadaye, usiukande mafuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kifua kikikubana au pumzi zikikatika ghafla, hiyo ni dharura.

Saa za mwili

Katika majira yao ya joto, Charleston iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Nyumbani ikiwa saa moja jioni, huko ni saa sita mchana. Katika majira ya baridi tofauti ni saa nane. Mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili uzoee, ijapokuwa kwenda magharibi huzoeleka upesi kuliko kurudi. Kwa hiyo fika angalau siku tatu kabla ya harusi. Toka nje upate mwanga wa alasiri, na ujizuie kulala kabla ya saa mbili usiku.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini awe mwangalifu zaidi. Siku yake ya safari itarefuka kwa saa saba au nane, na huenda akahitaji kubadilisha kipimo. Daktari amwandikie ratiba kabla hajaondoka. Saa ya mkononi aiache kwenye wakati wa Nairobi mpaka afike, na apime sukari mara nyingi kuliko kawaida.

Joto la bustanini

Mwezi wa Julai joto la mchana Charleston hufika wastani wa nyuzi 32 hivi, na siku nyingine hupita 35. Unyevu wa hewa ndio unaolifanya kuwa la hatari. Jasho hupoza mwili kwa kukauka, na hewa iliyojaa maji hailikaushi. Mwili wa mtu wa bara huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Mji huo una sheria ya kuwaondoa barabarani farasi wanaovuta mikokoteni ya watalii joto likipita kiwango kilichowekwa. Basi na mama mzazi wa bwana harusi naye apewe kivuli.

Vaa pamba au kitani. Koti la suti livaliwe wakati wa kiapo na picha, kisha livuliwe. Kunywa maji kabla ya kiu, na weka pakiti mbili tatu za chumvi ya kuongeza maji mwilini, zile za bei nafuu za kwetu, ndani ya mkoba. Wanaotumia vidonge vya presha vinavyowakojoza sana hupoteza maji upesi. Wasiviache, ila wamwulize daktari mapema wafanyeje siku za joto.

Jua tofauti ya dalili. Mtu akitoka jasho jingi, akasikia kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, amechoshwa na joto. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji. Lakini akianza kuropokwa, akaanguka au akapoteza fahamu, mwili wake ukiwa wa moto sana, huenda amepigwa na joto na anaweza kufa. Piga simu ya dharura, mmwagieni maji baridi na mpepeeni mpaka gari lifike. Usimnyweshe chochote asiyejitambua.

Mezani

Chakula cha pwani hiyo kina ujamaa na chetu. Mboga waiitayo "collard greens" ni sukuma wiki. Kunde zilifika huko kutoka Afrika, na ufuta huitwa "benne", jina lililotoka Afrika Magharibi. Unga wa mahindi uliopikwa laini, waliouita "grits", utaufananisha na uji mzito, na huliwa pamoja na kamba wa baharini.

Lakini tazama yaliyomo. Mboga, kunde na wali mwekundu mara nyingi huungwa kwa nyama ya nguruwe au mafuta yake. Waislamu na wengine wasioila waulize kabla ya kupakua, wala wasione haya. Mwenye mzio wa njugu au wa kamba amwambie bibi harusi mapema, kwani vyakula vingi hukaangwa kwa mafuta ya njugu.

Ukiagiza chai bila maelezo, yawezekana ukaletewa chai baridi yenye barafu na sukari nyingi mno. Mwenye kisukari aseme wazi kwamba anataka isiyo na sukari. Chaza mbichi nao ni fahari ya mji huo, ila wanaweza kuwa na vijidudu vya baharini vinavyoingia kwenye damu. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu asiwaguse mpaka wapikwe. Vijidudu hivyo huingia pia kupitia kidonda, hivyo mwenye jeraha asiingie baharini.

Miguu, wadudu na maji

Mitaa ya kale, kama ule wa Chalmers, imetandikwa mawe ya mviringo, na mizizi ya miti mikubwa imeinua matofali ya njia za miguu. Visigino virefu havifai. Mzee akivunjika nyonga huko, harusi imegeuka msiba. Vaa viatu vya chini ulivyokwisha kuvizoea, na vile vya harusi vivaliwe mlangoni. Kumbuka pia kwamba magari hupita upande wa kulia, hivyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

Jioni bustanini kuna mbu na usubi mdogo usioonekana. Jipake dawa ya kufukuza wadudu. Katika nyasi kuna vichuguu vidogo vya sisimizi wekundu ambao wakiuma ni kama moto, basi tazama unaposimama kupigwa picha. Na katika mabwawa kuna mamba. Watoto wasiachwe wakicheza ukingoni.

Bahari ikijaa sana, baadhi ya mitaa hufurika hata siku isiyo na mvua. Maji hayo hubeba uchafu wa mitaroni. Usiyavuke kwa miguu. Ukienda kuogelea ufuoni ukavutwa na mkondo, usipigane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake.

Homa: sema umetoka Kenya

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Kabla ya safari, familia nyingi hukusanyika nyumbani mashambani kuwaaga wasafiri, labda Busia, Siaya au Kwale, ambako kuna malaria. Mbu akikuuma huko, ugonjwa unaweza kujitokeza kati ya siku 7 na 30 baadaye, yaani wakati wa harusi hasa.

Marekani iliitokomeza malaria mwaka 1951. Kwa mwaka mzima nchi hiyo kubwa huona wagonjwa wapatao 2,000, na karibu wote hutoka nchi za nje. Daktari wa huko anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone hata mmoja. Ukimwambia una homa, kichwa na maumivu ya viungo, anaweza kudhani ni mafua na kukurudisha nyumbani. Malaria ya kwetu inaweza kuua ndani ya siku chache.

Kwa hiyo ukipata homa huko, au mtoto wako akipata, nenda hospitali siku hiyo na useme mambo mawili bila kungoja kuulizwa: kwamba umetoka Kenya, na kwamba unataka damu ipimwe malaria. Wakenya wanaoishi Marekani nao wayajue haya, kwa kuwa baada ya miaka ya kukaa huko kinga yao hupungua. Wakija kututembelea watumie dawa za kuzuia malaria na walale ndani ya chandarua.

Hospitali na bima

Usitegemee kwamba bima yako ya hapa nyumbani itakulipia huko. Nunua bima ya safari, na usome maandishi madogo. Nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri mpaka uongeze fedha. Ukiificha presha yako ili upate bima rahisi, watakataa kulipa siku ya kiharusi. Hakikisha pia inalipia kurudishwa nyumbani mgonjwa, na kurudisha maiti. Ni neno zito kulitamka wakati wa furaha, lakini harambee nyingi za kulipia hospitali za ng'ambo zingeepukwa kwa ukurasa huo mmoja.

Ukiugua kidogo, kama kukohoa, kuumwa sikio au kidonda, kuna zahanati za haraka zisizohitaji miadi, ambazo ni nafuu kuliko idara ya dharura. Kwa mambo makubwa piga 911. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakikwama, au kifua kikibana, usiseme ungoje harusi iishe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zimpime na kumtuliza mgonjwa hata kama hana fedha, ingawa bili itafuata baadaye. Charleston ina hospitali kubwa za kufundishia, kwani chuo chake cha tiba kilianzishwa mwaka 1824. Jina na anwani ya mahali unapolala viandike kwenye karatasi na uwe nayo mfukoni, maana mpigaji simu ataulizwa mahali alipo.

Afya ya moyo nayo

Mji huo mzuri ulijengwa kwa jasho la watumwa. Kwa makadirio mengi, karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa Amerika Kaskazini kwa nguvu walipitia bandari yake. Wengine walizuiliwa kwanza katika nyumba za karantini kwenye kisiwa cha Sullivan, kwa hofu ya maradhi, na si wote waliotoka hai. Mwaka 2023 jumba la makumbusho ya Waafrika wa Marekani lilifunguliwa penye gati la Gadsden, walikoteremshiwa maelfu yao.

Yafaa wageni wajue jambo hili kabla ya kufika, kwa sababu baadhi ya harusi hufanyiwa kwenye mashamba ya kale yaliyolimwa na watumwa. Mzee wa Kiafrika anaweza kutazama vibanda vyao akashikwa na huzuni asiyoitarajia, wakati vijana wanacheza muziki. Si ugonjwa, na hana haja ya kuuficha. Makumbusho myatembelee siku nyingine, si asubuhi ya harusi. Nendeni pamoja, na mkitoka kaeni mahali mzungumze.

Karatasi moja ya mkobani

Kabla ya kufunga sanduku, andika ukurasa mmoja wenye mambo haya: jina lako na tarehe ya kuzaliwa, magonjwa uliyo nayo, dawa zako kwa majina yote mawili na vipimo, vitu vinavyokudhuru, kundi la damu ukilijua, nambari ya bima, na simu ya ndugu mmoja wa huko na mmoja wa Kenya. Toa nakala tatu. Moja iwe mkobani, nyingine apewe unayesafiri naye, na ya tatu mpelekee bwana harusi. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na inaweza kumwokoa mgonjwa asiyeweza kusema.

Ukirudi Nairobi, endelea kuitazama miguu yako kwa wiki mbili, na upime presha na sukari tena. Siku za karamu huvuruga ratiba ya dawa hata kwa mtu mwangalifu, na ni afadhali kasoro igunduliwe na daktari wako kliniki kuliko ikugundue wewe usiku.